Hakumuuliza Alikuwa Wapi

Webuye,
12 Oktoba 2025

Loise mwanangu,

Mimi ni mzima, masikio ni yaleyale, hayasikii hata mvua ya mawe. Lakini leo siandiki habari za masikio. Naandika kwa sababu nimekasirika na sina wa kumkasirikia hapa nyumbani isipokuwa kuku.

Umeiona sehemu ya jana ya Inspekta Wetherden kwenye runinga? Kama hujaiona, usiione. Kama umeiona, niambie mimi ndiye niliyesinzia au wao ndio waliosinzia. Miaka ishirini na miwili tunamfuata huyu mzee. Ulianza kumtazama ukiwa umeng'oka meno ya mbele, umekaa juu ya buti zangu za kazi, ukiniuliza, "Baba, nani ameua?" nami nakwambia ngoja, angalia mikono yao. Hata nilipoacha kusikia sikumwacha. Nasoma yale maandishi ya chini, sikosi neno.

Sasa jana. Mjane wa jaji amekutwa amekufa kwenye kile kibanda chao cha kioo cha kuoteshea maua. Vizuri. Dakika arobaini tunazungushwa: mpwa wake ana deni la uongo, daktari anatoka jasho, mke wa mchungaji ameficha glavu. Nimekaa mbele ya kiti, chai imepoa. Mara dakika nne za mwisho wanamleta mtunza bustani! Mgeni, mtu wa kutoka ng'ambo, tulimwona mara mbili tu akisukuma toroli. Wetherden anamtazama, yule mtu anainamisha kichwa, anasema "ni mimi," wanamfunga pingu, chini wanaandika "muziki." Basi.

Hakumuuliza alikuwa wapi! Saa ngapi, na nani, nani alimwona. Hata jina lake lote hakumuuliza. Mimi nimekaa kwenye dawati la kituo miaka ishirini na minane. Mlevi akija kusema ameiba ng'ombe namuuliza ng'ombe wa rangi gani. Nilitupa slipa ikapiga pazia.

Nimeiandika hii kwa mkono kama kawaida, na dada wa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, ataipiga picha akutumie. Yako atanichapishia. Usiniletee tena habari ya kuniandikia kwenye simu yangu ya kabambe, hii ndogo ya vibonye. Ujumbe wa simu ni wa kuagiza chumvi.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) Fanuel Lusweti


Al Nahda, Dubai,
16 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu kitandani mpaka wenzangu wa chumbani wakauliza kuna nini. Tuko sita humu, mtu hachekei kitu akakifaidi peke yake.

Sehemu ile nimeiona. Ni kweli ilikuwa mbaya, lakini naona umemkosea kidogo mzee wetu. Labda mtunza bustani ndiye kweli. Si kila kesi ina mambo mengi. Wetherden amechoka, ni mtu wa miaka sitini na kitu, wakubwa wanamtaka afunge faili, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Karatasi zilizoko mezani zinamwonyesha yule yule. Afanye nini? Wewe unamhukumu ukiwa kwenye kiti chako. Angesema "ngoja kwanza" wangemwona mtu gani? Samahani, naona kama nimepandisha sauti, na hata hunisikii.

Kazi inaendelea. Bado niko kwenye lile jengo la Al Barsha, karibu na yale maduka makubwa, zamu ya kuanzia saa kumi na mbili jioni. Joto limeanza kupungua.

Baba, nina swali la kikazi, si langu, ni la rafiki yangu Wangari. Naye ni mlinzi, kwenye jengo lingine. Huku mafundi huchukua wenyewe funguo za nyumba za wapangaji kwenye kisanduku, wanaacha kikaratasi, na wa zamu ya jioni ndiye anayevinakili vyote kwenye kitabu. Si utaratibu, lakini ndivyo wanavyofanya wote. Basi Wangari alikuta kikaratasi cha fundi wa eisii, zile mashine za kupoza hewa, kimeandikwa hivi: "Ufunguo 1406. Saa 2 – saa 3." Akanakili 14:00 hadi 15:00, maana huku vitabu vyote huandikwa saa za kijeshi. Kesho yake madamu wa 1406 akasema bangili yake ya dhahabu imepotea. Aliiona saa sita mchana ya jana yake, akatoka saa saba, akarudi saa kumi haipo. Fundi anasema aliingia asubuhi, wakati madamu amepeleka watoto shule. Lakini kitabu kinasema mchana, na kikaratasi ni mwandiko wake mwenyewe. Kamera za ghorofa hiyo zilikuwa zinabadilishwa. Mlinzi wa mchana anasema hakumbuki, mafundi ni wengi. Polisi wamemchukua fundi tangu tarehe mbili.

Huyo fundi ni Mkenya, mtu wa Pate kule Lamu, anaitwa Famau. Wangari anauliza tu, je, mtu akinakili kilichoandikwa, amefanya kosa?

Binti yako,
Loise


Webuye,
20 Oktoba 2025

Loise mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama palepale saibani, na dada yule akaniuliza kwa ishara kama nimeshinda bahati nasibu. Nimeshinda zaidi. Nimefumbua kesi ya Dubai nikiwa Webuye!

Saa mbili, Loise! Mtu wa Pate akiandika "saa 2" amemaanisha nini? Atamaanisha nini zaidi ya saa mbili asubuhi? Huyo hajui saa za kijeshi, huyo amezaliwa anahesabu saa kama mama yake alivyohesabu. Saa mbili hadi saa tatu asubuhi, madamu yuko shule na watoto, sawasawa kabisa na maneno ya fundi. Bangili ilionekana saa sita, fundi ametoka saa tatu. Huyo mtu hana hatia, na nakwambia hivi bila kumwona uso. Mwarabu hawezi kuligundua hilo, Mhindi hawezi, Mwingereza hawezi. Wote wakiona mbili wanaona mbili. Anayeweza kuligundua ni Mswahili tu, na Mswahili aliyekuwa kwenye dawati ni huyo Wangari. Ajabu ni kwamba naye aliandika 14:00. Ndivyo mnavyoharibika huko, mnafikiri kwa Kiingereza mpaka saa.

Sasa mwambie hivi, na umwambie leo. Kunakili vibaya si kosa la jinai. Mimi mwenyewe nimekosea kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, zaidi ya mara kumi. Huwi mwizi kwa hilo. Unarudi kwenye kitabu, unapiga mstari mmoja juu ya ulichoandika, mmoja tu, ili kisomeke bado, unaandika kilicho sahihi pembeni, unaweka jina na sahihi. Hufuti wala hupaki rangi nyeupe. Kisha anakwenda kituoni na miguu yake na kusema: mimi ndiye niliyeandika, nilikosea, saa mbili ya huyu mtu ni ya asubuhi. Kila siku anayongoja, kuna mtu analala kwenye sakafu kwa ajili ya mkono wake. Akiogopa mkubwa wake wa kazi, mwambie sajini mmoja wa Webuye amesema hofu si sababu. Mtu akijua mwenzake yuko ndani bure na akanyamaza, huyo ndiye wa kufungwa.

Na kuhusu Wetherden, sikubaliani nawe hata kidogo. Amechoka? Astaafu.

Baba yako,
Sajini (mstaafu) Fanuel Lusweti


Al Nahda,
25 Oktoba 2025

Baba,

Hakuna Wangari. Yupo Wangari, analala kitanda cha juu yangu, lakini anauza manukato dukani na hajawahi kushika kitabu cha zamu. Ni mimi.

Nilitaka kukuambia tangu mwanzo na kila nikianza mkono unakataa. Niliposoma barua yako ukifurahi vile, nililia kwenye basi la kazini, mbele ya watu.

Nilinakili kikaratasi tarehe thelathini Septemba. Vilikuwa ishirini na tatu siku hiyo, nikanakili mbiombio. Wakati ule sikufikiri lolote, naapa. Lakini tarehe mbili, walipokuja kumchukua Famau, alipita mbele ya dawati langu akasema, "Dada Loise, waambie, mimi niliingia asubuhi, saa mbili." Palepale nikajua. Si baadaye, Baba. Palepale. Nikaangalia kompyuta.

Na kuna kibaya zaidi. Msimamizi wetu Shihab alikuwa ameshaandika taarifa kwa Kiingereza. Akaniwekea mbele. Nikamwambia, "Sir, labda kuna shida kidogo kwenye saa." Akasema, "Loise, una onyo moja tayari kwenye faili. Unataka niwaambie kwamba mlinzi wangu haandiki anachokiona? Yalla, weka sahihi. Khalas, basi." Taarifa inasema mimi, Loise Nanjala Lusweti, nilimwona kwa macho yangu Famau akichukua ufunguo saa nane mchana. Saa nane mchana nilikuwa hapa Al Nahda nimelala. Nilitia sahihi.

Kwa hiyo si kunakili vibaya tena. Nikirudi, nitakuwa nasema nilidanganya polisi. Kazi itaisha siku hiyohiyo, hilo nimeshalipokea. La kufungwa sijalipokea. Naogopa sana, Baba.

Famau ni mtu mzuri. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akifuturu kwenye chumba cha mitambo, ananiletea mkate wa mofa na kuniambia dada kula, mlinzi hafungi. Ana mama yake kisiwani. Hajui kama ni mimi niliyetia sahihi, au anajua. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nilimtetea Wetherden kwa sababu nilikuwa najitetea. Ulijua? Nilidhani utajua. Wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia mikono ya watu.

Niambie nifanye nini.

Loise


Webuye,
27 Oktoba 2025

Loise

Hii nimeipiga mwenyewe kwa kidole kimoja ili dada wa saiba asiisome. Nimemwomba atoke nje na ametoka. Nitaifuta hapa nikimaliza, nawe ifute.

Usiende popote. Usiseme neno kwa mtu. Hujaandika kitu, hujanakili kitu, taarifa ni ya kampuni na kampuni ina mawakili. Huyo mtu ana ubalozi na ana watu wake, watamsaidia. Watagundua wenyewe. Huenda wameshagundua.

Mimi najua mahabusu ni nini. Nimewafungulia wanawake mlango asubuhi na nikaona nyuso zao. Wewe hutaingia mahali kama hapo nikiwa hai. Nina mtoto mmoja. Mama yako nilimzika, sina mwingine wa kuniandikia.

Niliyoandika tarehe 20 yasahau. Niliandika bila kujua.

Nyamaza mwanangu. Ni amri.

Baba


Al Nahda,
29 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nimeifuta ulivyoomba. Usikae na wasiwasi. Kula vizuri na uwashe taa mapema jioni.

Nitafanya kama ulivyoniandikia.

Mwanao,
Loise


Bur Dubai,
9 Novemba 2025

Kwa Mheshimiwa Mzee Fanuel Lusweti,

Shikamoo mzee wangu. Hunijui wala mimi sikujui kwa sura. Naitwa Famau Bwanamkuu, fundi wa eisii, mzaliwa wa Pate. Anwani hii ya saiba nimeipata juu ya nakala ya barua yako, ndiyo maana nimethubutu kuandika. Naomba unisamehe kwa kuchelewa, nimetoka juzijuzi tu tarehe tano, na siku za mwanzo mtu hulala tu.

Alhamdulillahi niko nje. Kwanza nikuondoe hofu: Dada Loise hayumo ndani. Alikwenda kituoni mwenyewe Alkhamisi ya tarehe thelathini, asubuhi, akakaa benchi mpaka adhuhuri kabla hajapata ofisa wa kumsikiliza. Walimweka siku tatu, wakamwachilia, pasipoti wakabaki nayo. Ameambiwa asisafiri mpaka waamue kama watamshtaki kwa taarifa ile ya kwanza. Kazi wamemfukuza siku hiyohiyo na kitanda alichokuwa akilipiwa na kampuni wamekitwaa. Sasa yuko hapa Bur Dubai kwa shangazi yangu Jokha, Mzanzibari, mama mtu mzima, anampikia na kumlazimisha kula. Wallahi tutamtunza kama wetu.

Mzee, ofisa aliyenishughulikia ni mtu muungwana, alinisimulia yote siku ya kuniachilia. Anasema binti yako alimwambia saa zetu huanza kuhesabiwa jua likitoka. Ofisa akadhani mzaha. Akaita mtu wa usafi, Mganda, hajui lolote la kesi, akamwambia aandike kwa Kiswahili muda aliofika kazini. Yule akaandika saa 1. Alifika saa saba za Kiingereza asubuhi. Ofisa akacheka, kisha akaacha kucheka.

Halafu akamuuliza Dada Loise, kwa nini umekuja leo na si mwanzoni mwa mwezi, nani amekutuma? Ndipo akatoa karatasi mkobani, barua yako ya tarehe 20 Oktoba aliyokuwa ameichapisha. Akaitafsiri mstari kwa mstari. Akasema, baba yangu ni sajini wa polisi, ndiye aliyeniandikia nije na miguu yangu. Ofisa akamwambia una bahati ya baba.

Mzee Fanuel, mimi nimekaa ndani siku thelathini na nne. Nilishakata tamaa. Ilifika siku nikasema niseme tu ni mimi, yaishe, wanirudishe kwetu. Sikujua kwamba kuna mzee mbali huko, si kabila langu wala si dini yangu, anasema huyu mtu hana hatia bila kuniona uso. Nimemsomea mama yangu maneno hayo kwenye simu, akalia. Anasema kila baada ya swala anakuombea wewe kwa jina lako, na amewaambia majirani nao wakuombee. Msikitini kwetu wewe unajulikana sasa.

Bangili haijapatikana. Dada Loise hajambo ila amekuwa kimya. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, akasema hajui aanzie wapi. Nadhani ni uchovu.

Mungu akuweke, mzee wangu.

Mimi mwanao,
Famau Bwanamkuu


Webuye,
11 Novemba 2025

Bwana Famau,

Barua yako nimeipata. Namshukuru Mungu umetoka. Mshukuru shangazi yako Jokha kwa chakula anachompa binti yangu.

Lakini kuna jambo kwenye maelezo yako ambalo si sahihi, na siwezi kuliacha likae hivyo.

Barua ya tarehe 20 niliiandika nikidhani namshauri mtoto wa mtu mwingine. Ilikuwa rahisi na niliona raha kuiandika. Tarehe 25 Loise aliniambia kwamba ni yeye. Tarehe 27 nilimwandikia barua nyingine, ambayo hakumwonyesha ofisa, na nadhani hata wewe hajakuonyesha. Nilimwamuru anyamaze. Nilijua kwamba wewe hukuiba, nilijua hivyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu nalo. Nikaandika kwamba una watu wako watakusaidia, nikarudi nyumbani nikala.

Siku hizo ulizofikiria kusema ni wewe ili yaishe, mimi nilikuwa hapa na ukweli wako mfukoni.

Aliyekutoa ni Loise peke yake, na ili akutoe ilibidi anipinge mimi. Kisha akanificha mbele ya ofisa, na mbele yako, na mbele ya mama yako. Hakuniambia anafanya hivyo. Aliniandikia kwamba atafanya kama nilivyomwandikia, nami nikalala usingizi.

Mwambie mama yako aache kunitaja. Amtaje Loise. Na majirani waambie vivyo hivyo, hata kama ni aibu, waambie ni mimi nimesema.

Sijui kama utataka kuniandikia tena, na sitakulaumu. Nina ombi moja tu. Loise hajui aanzie wapi kwa sababu anaogopa kuniaibisha. Tafadhali msomee barua hii yote, neno kwa neno, umwambie imeandikwa kwa mkono wangu na dada wa saiba ameisoma.

Fanuel Lusweti